Jinsi Fundi Kimya Alivyoitafuta Kurunzi Iliyostahili Bei Yake

Sogeeni, enyi mliowahi kulala chali chini ya sinki huku maji yakiwatiririkia kwapani. Sogeeni na ninyi ambao hayajawapata, mjue wenzenu wamepitia nini. Wekeni vikombe chini, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Hapa yanasimuliwa mambo makuu: jinsi mtu mmoja mpole alivyotoka nyumbani kwake bila mwanga, akaingia katika duka lililojaa mianga ya kila namna, akapambana na majabari wa kaunta mmoja baada ya mwingine, akarudi na kurunzi isiyozidi kidole chake cha kati, nayo ikaokoa heshima ya nyumba nzima. Nawe kumbukumbu, mtunza mambo madogo, usisinzie mpaka tufike mwisho.

Shujaa huyo alikuwa fundi bomba. Watu walimwita Fundi Kimya, Mfunga-Chemchemi, Bwana wa Uvungu, ambaye nati zenye kutu zilisikia hatua zake mlangoni zikaanza kulegea zenyewe. Jina la Kimya hakulipata kwa tabia, alilipata kwa kazi. Chini ya sinki mkono mmoja hushika spana ya kuzuia na wa pili spana ya kugeuza, na mwanga hubaki hauna pa kukaa ila mdomoni. Basi Fundi Kimya aliibana tochi kwa meno, kama askari anayevuka mto na upanga kinywani, na mwenye nyumba alipomuuliza jambo alijibu "mm", na alipoulizwa zaidi alijibu "mm-mm". Watu wakampenda. Wakasema, huyu ni fundi wa kuaminika, hana porojo.

Laiti wangejua. Maneno yote aliyoyazuia mchana kutwa yalijaa kifuani mwake kama maji nyuma ya koki, na jioni alipovua viatu tu, koki ilifunguka. Mkewe alisikia habari za kila mpira uliochakaa na kila bomba lililopinda, alisikia wakati wa kula, alisikia akiwa tayari amefumba macho. Mtu pekee katika ukoo ambaye hakuwahi kuyasikia alikuwa mama mkwe. Mama huyo alimfahamu kijana kwa mara ya kwanza akiwa chini ya sinki lake, siku alipoitwa kutengeneza bomba lililokuwa likivuja, na mchana mzima kijana hakutamka neno hata moja. Mama akamwambia binti yake, aliyekuwa akipita pita jikoni bila sababu ya maana: "Huyu mtulivu. Huyu atatufaa." Na tangu harusi, adabu ikaendelea pale tochi ilipoishia: mbele ya mama mkwe Fundi Kimya aliamkia, akauliza habari za afya, akanyamaza.

Sasa mama huyo alikuwa njiani kuja kuwatembelea. Angefika alasiri, akiwa na kiu ya safari, na chini ya sinki la Bwana wa Uvungu mwenyewe palikuwa panadondoka maji.

Asubuhi ile alifunga koki kuu, akatandika gunia, akaingia kabatini kifua wazi. Nati iliyokuwa ikivujisha ilijificha nyuma kabisa, kwenye kona ambayo jua halijapata kuiona tangu nyumba ijengwe. Akabana tochi kwa meno. Tochi ikawaka, ikafifia, ikatoa mlio mdogo kama panya anayeaga dunia, ikamwachia mdomoni ladha ya shaba. Huyo alikuwa marehemu wa tatu. Wa kwanza betri ilimvimba tumboni kama chura. Wa pili kioo chake kilidondoka ndani ya choo cha mteja. Wote walinunuliwa barabarani kwa bei ya kutupa, na wote walitupika.

Msidhani hakujaribu njia nyingine. Simu yake ilikuwa na taa, lakini wiki hiyo hiyo aliiegemeza kwenye bomba ikateleza, ikatumbukia ndooni, na sasa ilikuwa imelala katika bakuli la mchele ikingojea kufufuka. Ile taa ya kuvaa kichwani aliwahi kuiazima, lakini chini ya sinki paji la uso hugusa tumbo la sinki, na taa ikamulika tumbo hilo tu. Akabaki mkewe. Mke, ambaye simu yake haikuwa na taa, alishika mshumaa kwa moyo mweupe, akaanza kueleza mama yake apikiwe nini, na mwanga ukayafuata mazungumzo: alipotaja vitunguu ukaenda kwenye vitunguu, alipotaja mashuka ukatoka jikoni kabisa. Fundi akabaki gizani na spana zake mbili.

Ndipo mke aliposimama, akafungua kopo la majani ya chai lisilo na majani, akatoa fedha aliyokuwa akiiweka akiba kwa ajili ya birika jipya. Birika la zamani mkono wake ulikuwa umefungwa waya.

"Hii ni ya birika," alisema. "Nenda kanunue tochi ya kweli. Lakini nisikilize vizuri, baba. Ukirudi na takataka nyingine, au ukichelewa mama akanikuta sina hata tone la maji, nampigia simu Fundi Chapchap."

Fundi akatoa kichwa kabatini.

Fundi Chapchap aliishi mtaa wa pili. Alikuwa mchangamfu na mwepesi wa kazi. Alimaliza haraka, na haraka vilevile aliitwa tena pale pale. Hakuna aliyemchukia. Lakini tangu mabomba yaanze kupitishwa ukutani, haijasikika kwamba fundi bomba aliruhusu fundi bomba mwingine alale chini ya sinki lake. Ni afadhali kinyozi aonekane kwenye kiti cha kinyozi jirani.

"Huwezi," Fundi Kimya alisema.

"Chelewa uone," mke akajibu, akaenda kutandika kitanda cha mgeni.

Akatoka. Alivaa kofia yake ya kazi, akaweka kitambaa safi mfukoni, akapita barabara yenye vumbi bila kugeuza shingo, akawapita wauzaji wa kandokando waliokuwa wakimwita kwa jina, kwa maana walimjua vizuri mno. Akafika kwenye duka la vifaa vya umeme, lenye nyaya zilizoning'inia darini kama mizizi, na nyuma ya kaunta ya kioo alikuwapo mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni, mwenye sauti ya chini na tabia ya kumwacha mteja afikiri. Pembeni yake mlinzi wa ghala, ambaye alikuja kununua betri na hakuwa na haraka ya kurudi, alikuwa amekalia kasha la balbu.

Fundi Kimya akavua kofia. Maneno yakapanda.

"Dada mwenye duka," akanena, "mbele yako amesimama mtu aliyezika tochi tatu. Sikuja kununua kwa macho, maana macho yamenidanganya. Wala kwa masikio, maana masikio ndiyo yaliyonidanganya zaidi. Nataka mwanga wa kukaa mfukoni kila siku, mdogo, mgumu, usioogopa maji, usionidai betri ambazo haziuzwi popote. Nataka ule ambao nikiulipia, mke wangu asinikumbushe birika mpaka uzeeni. Nionyeshe ulio nao, mmoja mmoja, na usinifiche mbovu wala mzuri."

"Za mfukoni ziko hapa," mwenye duka alisema, akavuta droo.

Wa kwanza kujitokeza ulingoni, hata hivyo, hakutoka kwenye droo. Mlinzi ndiye aliyemteua, akamnyooshea kidole juu ya rafu: jitu jeusi, nene kama mhogo uliokomaa, lenye kioo kipana na maandishi ya dhahabu. Mlinzi alilisifu kwa dakika nzima. Alisema analo moja kama hilo, akilimulika getini paka wa upande wa pili wa uwanja anaona aibu. Fundi akalipima kwa mkono, akalisukuma mfukoni, suruali ikashuka upande. Kisha, mbele ya macho ya wote, akalifunika kwa kitambaa chake na kujaribu kulitia mdomoni.

"Fundi," mwenye duka alisema taratibu, "hiyo si mswaki."

Akaeleza. Akaeleza habari za spana mbili, na nati ya nyuma, na simu iliyo katika mchele. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, halafu akampa mifuko midogo safi ya plastiki, mmoja kwa kila tochi, akasema kama ndivyo basi ajaribu ipasavyo. Fundi akasema kuna jambo moja zaidi: tochi haijaribiwi mtu akiwa amesimama. Aliomba ruhusa ya kulala chini ya kaunta.

Hapo ndipo historia inapomwona, Mfunga-Chemchemi, akiingia kwa kisigino na kiwiko katika uvungu wa kaunta, mpaka viatu vyake tu vikabaki nje, ncha juu, na kila mteja aliyeingia akaviruka. Akaliwasha lile jitu. Mwanga ukapiga ubao mweupe mbele ya pua yake, ukarudi kama kofi. Alitoka akitokwa machozi.

"Linafika mbali," alisema akipapasa kutafuta kofia. "Sana. Lakini adui yangu hakai mbali. Anakaa umbali wa mkono, na nikimmulika hivi, ninayepofuka ni mimi."

Mlinzi akakubali kwa shingo upande kwamba nati si paka.

Akaja wa pili, na huyu alikuwa mrembo: mwembamba, wa chuma cha kung'aa, nyuma yake kitufe kimoja chekundu. Alitosha mfukoni, alitosha menoni, mwanga wake ulikuwa mpana. Fundi alishuka naye uvunguni akiwa na matumaini, na kwa muda viatu vyake vilitulia. Kisha uvungu ukaanza kumetameta. Mwanga ulizimika, ukawaka, ukazimika, ukaanza kupepesa kwa kasi kama umeme wa radi uliokosa njia, na kutoka chini ya kaunta ikasikika sauti ya mtu anayesema "mm-mm" kwa uchungu mkubwa.

"Huko chini kuna muziki?" mlinzi aliuliza. "Mbona hamtualiki?"

Kosa hilo lingeweza kufanywa na fundi bomba tu. Kitufe kilikuwa mkiani, mkia ulikuwa mdomoni, na mdomoni mna ulimi. Naye Fundi Kimya, aliyekuwa na mengi ya kusema kuhusu ubora wa mwanga ule, alikuwa akiyasema. Kila neno lililokwama lilibonyeza kitufe. Akatoka, akamrudisha mrembo kwa heshima, akasema hawakuandikiwa kuishi pamoja.

Ndipo mwenye duka alipoweka juu ya kioo wawili kwa mpigo. Walikuwa wadogo, weusi, kitufe ubavuni, kibanio cha kushikia mfuko upande mmoja. Mtu asiye makini angewaita mapacha. Lakini mmoja bei yake ilikuwa ndogo, na wa pili aliitaka fedha ya birika yote.

"Tofauti yao ni nini?" Fundi aliuliza.

"Huyu wa bei ndogo akifa, usimlete," alisema mwenye duka. "Huyu mwingine akifa kabla ya mwaka, mlete nikupe mpya. Anatumia betri ya kawaida, hii hii ya redio. Mimi mwenyewe ninaye mmoja ndani ya mkoba. Zaidi ya hapo sikusukumi, fundi. Fedha ni yako."

Ni ya birika, Fundi aliwaza, na mkono ukatangulia kwa wa bei ndogo, kwa mazoea, kama farasi anayeijua njia ya zizi lake. Hapo palikuwa na vita vikubwa kuliko vyote, na havikuonekana na mtu. Upande mmoja lilisimama birika jipya, linang'aa, mkono wake mzima. Upande wa pili walisimama wale marehemu watatu, kila mmoja akiwa ameingia nyumbani kwa kauli ile ile, kwamba ni bei nzuri. Akashusha mkono. Akamchukua yule ghali, akashuka naye uvunguni.

Akabonyeza mara moja. Ukatoka mwanga mdogo kabisa, laini, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, nao haukurudi usoni kumchapa. Ulitua juu ya mbao na kukaa. Aliona alama ya kalamu aliyoiacha seremala. Aliona kando yake chingamu iliyokauka, na juu ya chingamu alama ya kidole cha aliyeibandika. Ulimi ulizunguka kwa uhuru usiguse kitu. Alipotoka, skrubu moja ndogo iliyokuwa sakafuni ilikuwa imeng'ang'ania mkia wa tochi. Akaibandua, akafuta mkia kwa kitambaa akidhani ni gundi ya lebo, wala hakuliwaza tena jambo hilo. Mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa meno, kuna mambo hayamjii akilini.

"Ni huyu," alisema.

Alijaribu kuomba apunguziwe, na hotuba yake ilikuwa ndefu na nzuri. Mwenye duka aliisikiliza yote, akampa betri moja ya akiba, na bei ikabaki ilivyokuwa.

Lakini jua halikuwa limemsubiri. Yote hayo yalifanywa polepole, kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu, na alipofika kwake akitweta, mlangoni kulikuwa na pikipiki yenye mfuko wa spana. Ndani, kwenye kigoda cha jikoni, Fundi Chapchap alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Pole, fundi mwenzangu," alisema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha isiyo na chuki yoyote. "Shemeji kanipigia. Kasema nyumba ya fundi bomba imekauka. Nikamwambia, shemeji, rudia tena, sijasikia vizuri."

Mke alikuwa amesimama karibu na birika tupu. Alisema mama amepiga simu, ameshashuka kituoni, anakuja kwa miguu. Kisha akamtazama mumewe mkononi.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza. "Birika langu limekuwa hiyo?"

Fundi Kimya angeweza kusema mengi, na kila mtu alijua angeweza. Akasema moja tu: "Nipe muda wa kufika kwenye kona ya kabati. Nikishindwa, mwenzangu aingie, nami nitamshikia ndoo."

"Haya," alisema Chapchap, akakaa vizuri kigodani. "Ndoo iko hapa, nakuwekea."

Akavua kofia, akalala chali juu ya gunia, akabana kurunzi kwa meno, akaingia. Alipita bomba la maji machafu, akapita kopo la sabuni, akazikwepa nyuzi za buibui, akaelekea kona ile ambayo jua halijapata kuiona. Spana ya kuzuia ikakamata. Spana ya kugeuza ikatafuta pa kushika. Akasogeza kichwa karibu na bomba la chuma, akakisogeza tena kidogo, na hapo kurunzi ikamtoroka. Ilichomoka menoni kwa nguvu yake yenyewe, ikaruka, ikapiga bomba kwa mlio wa tak.

Akafumba macho. Wa nne, alifikiri. Wa nne, na birika pamoja naye.

Lakini giza halikuja. Akafungua jicho moja. Kurunzi ilikuwa imeganda kwenye bomba kwa mkia wake, wima, haijashikwa na mtu, ikiimulikia nati yenye kutu kwa utulivu kama taa ya msomaji. Akaigusa, haikudondoka. Akaibandua, akaisogeza, ikaruka tena mahali pake. Akaikumbuka ile skrubu ya dukani.

"Ina sumaku," alisema.

Jikoni wote wakageuka. Hakuna aliyewahi kusikia neno likitoka chini ya sinki alikolala Fundi Kimya.

"Mkiani, mke wangu. Ina sumaku mkiani," sauti iliendelea. "Na hii nati, mnajua ina nini? Haina tatizo lolote. Ni mpira wa ndani, umekatika nusu, huu uliwekwa kwa haraka, sitaki kumtaja mtu. Fundi Chapchap, wakati ule kabla sijahamia hapa ni wewe uliyekuwa ukimfanyia kazi mwenye nyumba, sivyo? Simlaumu mtu, mpira wenyewe haukuwa wa saizi hii, nipo nautoa, unatoka, umetoka, sasa nauweka huu mpya, tazama unavyoingia, raha kabisa…"

Aliendelea. Miaka yote ya "mm" na "mm-mm" ilikuwa imepata mlango. Alisimulia mpira, alisimulia nati, alisimulia masinki mengine na wenye nyumba aliowafanyia kazi na yale aliyotaka kuwaambia wakati ule. Chapchap alikwisha kushusha mikono ya shati na alikuwa anacheka mpaka kigoda kikalia. Hakuna aliyesikia mlango ukifunguka.

Mama mkwe alisimama kwenye kizingiti cha jikoni na mkoba wake. Alitazama miguu ya mkwe wake iliyokuwa nje ya kabati, vilevile alivyoiona mara ya kwanza nyumbani kwake. Akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, maana hapakuwa na nafasi ya kuingiza neno.

Kisha spana zikanyamaza. "Fungua koki kuu," Fundi alisema. Mke akakimbia nje. Maji yakaja yakikohoa, yakapiga bomba, yakafika kwenye nati. Na macho yote yakaishia chini, kwenye gunia. Hapakudondoka hata tone moja.

Fundi Kimya akatoka uvunguni, nywele zimejaa buibui, kurunzi mkononi, sentensi bado mdomoni. Akamwona mama mkwe. Sentensi ikafa.

"Shikamoo, mama. Habari za afya."

"Marahaba, baba," mama alisema. Akaweka mkoba chini, akaivuta ile kurunzi ndogo kutoka mkononi mwake, akaigeuza mbele na nyuma kama anayekagua ushahidi. "Miaka yote hii," alimwambia binti yake, "nimekuwa nikijivunia kwa majirani kwamba nilikuchagulia mume asiye na maneno. Kumbe ilikuwa tochi."

"Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema binti. "Niliona nisikuharibie furaha."

Mke akajaza lile birika la mkono wa waya, akaliweka motoni, akasema la jipya litasubiri. Chapchap alialikwa chai, akaikubali haraka. Naye mama mkwe akavuta kiti karibu na sinki, akaibandika kurunzi kwenye bomba kuona kama kweli inashika, na ilipong'ang'ania akamgeukia mkwewe.

"Haya, baba," alisema. "Ile ya mpira uliokatika nusu. Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Ndivyo ilivyotukia, katika jikoni moja dogo, alasiri, kwamba chemchemi ilifungwa, heshima ikabaki nyumbani, na Fundi Kimya akapoteza jina lake bila kumwaga tone. Majirani huihesabu miaka yao kuanzia siku hiyo, na ukipita dirisha lile jioni yoyote, utasikia kwa nini.